Sahani Iliyotunyima Italia

Kazini kwetu Hayes, London, kwenye ghala la mizigo, mtu akirudi likizo hapiti bila kuhojiwa. Niliporudi kutoka Italia waliniuliza nimeona nini, nikasema nimeona sahani. Wakacheka, wakadhani natania. Haya, na makanisa ya kale? Sikuyaona. Na mashamba ya mizabibu? Niliyaona kwa mbali, dirishani, nikiwa namenya vitunguu. Nilikaa siku saba katika mkoa wa Umbria, ambao watu hutoka mbali kwenda kuupiga picha, na picha nilizorudi nazo ni kumi na tisa za sahani moja, mbili za kuku aliye hai, na moja ya mdogo wangu akichimba udongo kwa kijiko cha supu.

Sikwenda kupumzika, hilo niliweke wazi. Nilikwenda kumrudisha mama yangu jikoni.

Baba alifariki mwaka uliotangulia. Mama akakaa eda yake Walthamstow, katika nyumba ile ile waliyohamia walipotoka Unguja, na kwa miezi minne na siku kumi wanawake wa Kizanzibari wa London nzima walipishana mlangoni na masufuria. Eda ilipokwisha, masufuria yakarudi kwa wenyewe, na mama hakuligusa jiko tena. Na huyu ndiye mama aliyekuwa akiitwa kwenye harusi kuanzia Stratford mpaka Hayes aje kuonja biriani kabla ya kupakuliwa, na akisema chumvi bado, basi bado.

Nikimpigia simu mazungumzo yalikuwa hayo hayo.

"Mama, umekula?"

"Nimeshakula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

Nilipokwenda kumtazama, friji ilikuwa na chupa ya maziwa na ndimu moja iliyokauka. Kabatini, biskuti. Bangili zake za dhahabu, ambazo zamani hazikutoka mkononi bila sabuni, siku ile zilidondoka zenyewe kwenye sinki akisuuza kikombe. Akazivaa tena, akaendelea kunisimulia habari za jirani yake wa juu. Daktari alikuwa ameshasema kilo zikipungua tena atamlaza hospitali. Niliogopa sana. Nilikuwa nimetoka kumzika baba, na sikuwa tayari kumzika mama kwa sababu ya biskuti.

Nilijaribu kumpelekea chakula. Nilimpakulia kwenye sahani yake, nikamwekea uma na kitambaa, nikakaa pembeni nikimkodolea macho kama msimamizi wa mtihani. Akauhamisha wali kutoka kushoto kwenda kulia, akasema Mungu akubariki, akaenda kuchemsha chai.

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa hapa, na Kiswahili anakielewa chote ila hukijibu kwa Kiingereza. Yeye alipendekeza hoteli. "Mum needs a break," akasema. Nikamwambia hotelini mama ataletewa chakula, naye atawaambia ameshakula, na sisi tutakuwa tumemsafirisha akafe njaa mbele ya mandhari nzuri. Nilitaka nyumba ambayo mtu anajipikia mwenyewe. Watu hukodi nyumba, jiko likawemo. Mimi nilikodi jiko, nyumba ikawemo. Niliona picha ya jiko lenye meko sita na sufuria za shaba zikining'inia ukutani, nikalipia papo hapo bila kutazama liko wapi duniani.

Sanduku langu halikuwa na nguo, isipokuwa zile nilizofungia chupa za achari. Nilishuka soko lote la Walthamstow, mwanzo wa mtaa mpaka mwisho, nikibeba mchele, tui la kopo, unga, bizari, iliki, pilipili na ndimu. Mdogo wangu alibeba chapeo ya jua na kitabu kuhusu makaburi ya kale.

Tulikodi gari, tukapanda vilima, tukashuka vilima. Mama alikaa nyuma, na baada ya saa nzima akauliza bahari iko upande gani.

"Mama, mkoa huu hauna bahari."

"Hauna kabisa?"

"Kabisa. Umezungukwa na nchi kavu pande zote."

Akatazama nje, akavitazama vilima kimoja kimoja. "Maskini," akasema. "Walifanya kosa gani?"

Nilipomwonyesha jiko alisema ni zuri. Akatoka nje, akavuta kiti cha plastiki, akakaa akielekea bondeni na mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri treni. Hakuinuka hapo kwa siku mbili ila kwa sala na chai.

Nilikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa kupika vibaya. Nilijua mama anaweza kuvumilia msiba lakini hawezi kuvumilia kuona tui linatiwa kabla kitunguu hakijaiva. Basi nilipika mlango wazi, akiniona. Nilitia mchele kwenye maji baridi. Niliukoroga wali kwa uma. Niliunguza bizari mpaka moshi ukamfuata kitini. Mama alifumba macho tu. Siku ya pili jioni nilimsogezea sahani ya kitu ambacho hata mimi sikujua nikiite nini, akasema Mungu akubariki. Mdogo wangu alikula, kwa sababu duka la karibu lilikuwa vilima vitatu mbali, naye alikuwa ameapa hatashika tena usukani kwenye kona zile.

"Dada, seriously," akaniambia, "plan yako inaniua mimi."

Asubuhi ya siku ya tatu akaja jirani. Mwenye nyumba tuliyokodi alikuwa akiishi mji mwingine na alituachia kijitabu cha maelekezo tu, ila chini ya kilima palikuwa na nyumba ya mawe, na humo akiishi bibi mmoja wa makamo ya mama, peke yake na mbwa. Alikuwa amevaa aproni na mabuti ya mpira. Alinitia mikononi sahani kubwa ya udongo iliyochorwa majani ya buluu na njano, ukingo wake umemeguka, na juu yake keki ya duara. Akasema maneno mengi ya Kitaliano bila kungoja majibu, akashuka zake.

Mimi na mdogo wangu tuliimaliza keki tukiwa tumesimama. Nikaiosha sahani, nikaifuta, nikaanza kushuka nayo.

"Unakwenda wapi?"

Sauti ile sikuwa nimeisikia kwa mwaka mzima. Mama alikuwa amesimama. Mkoba umeanguka chini.

"Narudisha sahani ya jirani."

"Tupu?"

"Mama, hapa ni Italia."

"Na Italia hawana macho? Mtu anakuletea sahani imejaa, unamrudishia anaona chini? Nimekulea wapi mimi?" Akakunja mikono ya baibui. "Unga uko wapi?"

Nilimwonyesha unga. Kisha nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, nikalia peke yangu kwa furaha, mdogo wangu akinipiga picha.

Akakanda, akasukuma, akakaanga. Kwetu, sahani ya mtu hurudi na kitu, iwe ndizi mbili au konzi ya kashata, na hilo nililijua tangu mdogo, lakini London nilikuwa nimelisahau, maana majirani zangu wa Hayes hawajawahi kuniletea kitu isipokuwa barua zilizokosea mlango. Maandazi yakatoka na harufu ya iliki. Mdogo wangu akanyoosha mkono, akapigwa mwiko wa vidole.

"Haya ya watu!"

Yote yalikwenda. Hatukuachiwa hata moja. Jirani aliyapokea, akanusa, akashika shavu. Kabla ya adhuhuri sahani ilikuwa imerudi kwetu, imejaa dengu, na juu ya dengu soseji nne.

Hapa niseme kitu kwa wasiojua. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafii, na nguruwe akigusa chombo, chombo hicho huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mama hakutaka kusikia kwamba kuna maji ya moto na sabuni. Chakula tulimpa mbwa aliyekuwa akipita, ambaye baadaye tulikuja kujua ni wa jirani mwenyewe. Kisha mama akamtuma mdogo wangu achimbe udongo safi. Hatukuona koleo, akachukua kijiko cha supu. Tukachuchumaa watatu bombani, mama akihesabu kwa sauti, mimi nikisugua matope kwenye majani ya buluu na njano. Tulipofika mara ya tano niliinua uso, nikamwona jirani amesimama upande wa pili wa ua, akituangalia tunavyoipaka sahani yake udongo.

Nikampungia mkono. Ningefanya nini?

Akaondoka. Baada ya dakika kumi akarudi na chupa ya sabuni ya vyombo na sifongo mpya, akaviweka juu ya ukuta, akanigusa bega kwa huruma nyingi. Nadhani aliamini London hakuna sabuni.

"Leo nimefedheheka," mama akasema. "Haya, nipe viazi na vitunguu. Sambusa."

Kuanzia hapo sahani haikutulia. Ilishuka na sambusa, ikapanda na jibini la kondoo. Ikashuka na kachori, ikapanda na mayai. Ikashuka na vitumbua vya ghafla vya unga wa mchele tuliousaga kwa chupa. Kitabu cha makaburi kiliwekwa chini ya mguu wa meza ili isiyumbe mama anaposukuma chapati. Mdogo wangu alikuwa mbebaji, nami mkata vitunguu, na kila tulipotaja kwenda kutembea mama aliuliza, "Na sahani?"

Mdogo wangu ndiye aliyelimaliza suala la soseji. Alimchorea jirani nguruwe, akamkata kwa mstari. Akamchora kuku, akamwekea alama ya sawa. Kisha, ili kueleza habari ya kuchinja, akapitisha kidole shingoni na kumwonyesha mama. Jirani akarudi hatua moja nyuma. Akamtazama mama, mwanamke mwembamba mwenye mtandio, akamtazama kuku wa kwenye karatasi, halafu akacheka mpaka akashika ukuta.

Lakini mimi sikuwa na raha. Mpango wangu ulifaulu na haukunisaidia kitu. Mama alipika kutwa, siku mbili mfululizo, na bado hakula. Alionja chumvi kwa ncha ya ulimi, akafunika, akatuma. Sisi tulikula alicholeta jirani, yeye akanywa chai. Bangili alikuwa amezifunga kwa uzi zisidondokee kwenye mafuta. Siku ya tano asubuhi niliziona zile nyuzi nikashindwa kujizuia.

"Mama, unampikia mwanamke usiyemjua hata jina, na wewe unakufa njaa mbele ya macho yangu! Nimekuleta mpaka huku ili ule. Kula!"

Alikuwa akiosha mchele. Hakugeuka. "Nile na nani?"

"Na sisi! Kwani sisi hatupo?"

"Nyinyi mna sahani zenu."

Nilidhani ni kisirani cha utu uzima. Nilitupa kitambaa, nikatoka nje nikiwa na hasira mpaka masikio yanauma, na pale mlangoni nikakutana na sahani. Juu yake alikuwa amekaa kuku mzima, mwekundu, amefungwa miguu, ananitazama kwa jicho moja. Nyuma yake alisimama jirani, amefurahi.

Mama akaja kuona. Akamshika kuku kifua, akampima kwa vidole. "Wa kienyeji," akasema kwa sauti ya chini, kama amekutana na mtu wa kwao.

Mdogo wangu alitafuta kibla kwenye simu, kisha akashika miguu huku akitazama upande mwingine kabisa. Mama akasema bismillahi, akamchinja. Akamchoma juu ya makaa, akampaka tui na ndimu na pilipili, akatandaza wali kwenye sahani ya jirani, akampanga kuku juu yake, na firigisi akaiweka peke yake ukingoni. Nilipoiona ile firigisi nilimkumbuka baba. Ilikuwa yake siku zote. Mama na baba walikula sinia moja kwa miaka arobaini, wakiwa wawili tu. Sisi watoto tulirudi kutoka shule, na baadaye kutoka kazini, kila mmoja kwa saa zake, tukakuta kila mtu sahani yake imefunikwa. Kila siku ya kuku, mama aliisukuma firigisi kwa kidole upande wa baba, na baba alijifanya hakuiona mpaka mwisho.

Niliibeba ile sahani mpaka chini, mkono unaniuma. Jirani hakuipokea. Alinusa, akavua aproni, akachukua mkate kwapani, akanigeuza mabega na kunifuata juu kilimani.

Nilikimbilia ndani kutandika meza kwa heshima, sahani nne, uma nne. Jirani akakaa karibu na mama, akazisukuma zile sahani zangu kando kwa mkono mmoja kama anafagia, akavuta sahani kubwa katikati. Kisha akatuonyesha kwa ishara. Utotoni kwao, uji mzito wa mahindi ulimwagwa juu ya ubao wa meza wenyewe, akauchora kwa kiganja ulivyotandaa, na kila mtu akala kuanzia mbele yake kuelekea katikati. Huyu hapa, huyu pale, baba kule.

Mama akafuata kidole chake. "Kumbe," akasema.

Akanawa mikono. Jirani akamega mkate. Mama akaisukuma firigisi upande wa mgeni. Jirani akaitazama, akairudisha upande wa mama. Mama akaisukuma tena. Jirani akairudisha, safari hii akiongea Kitaliano kwa ukali. Mama akajibu kwa Kiswahili kwamba mgeni hafanyiwi hivyo. Jirani akajibu anayoyajua yeye. Firigisi ilivuka ule wali mara tano nikihesabu, mpaka jirani akampiga mama kofi dogo la mkono, kama mama alivyompiga mdogo wangu kwa ajili ya maandazi.

Mama akaila. Akatafuna kwa muda mrefu. Kisha akachota wali, akachota tena, akala mpaka akaanza kuona majani ya buluu.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumesimama ukutani na sahani zetu mkononi, kama wahudumu. Nilifurahi na nikaona aibu, vyote kwa pamoja. Mwaka mzima nilikuwa nikimwekea mama yangu sahani ya peke yake kama mgonjwa wa wodini, halafu nashangaa kwa nini hali.

Siku ya kuondoka jirani alipanda asubuhi na mapema. Akamkumbatia mama kwa nguvu, akampa sahani imejaa lozi na tini kavu, akashuka haraka akifuta uso. Masanduku yalikuwa ndani ya gari. Ndege ilikuwa ya mchana, na uwanja wa ndege ulikuwa mbali.

"Zima gari," mama akasema. "Natia unga kidogo tu."

"Mama, tutaachwa!"

"Waache watuache. Sahani iko kwetu."

Tulibishana uani mpaka mbwa akakimbia. Nilifunga gesi. Mama akaifungua. Mdogo wangu akaongea Kiswahili kitupu kwa mara ya kwanza safari nzima: "Mama, tafadhali, nina kazi Jumatatu!" Hilo lilimshtua mama kuliko ndege, akakubali kuingia garini, lakini na sahani mapajani. Aliishika hivyo kona zote. Uwanjani alikataa kuiweka kwenye mkanda wa mashine mpaka ofisa alipoahidi kwa ishara kuipokea upande wa pili kwa mikono miwili. "Polepole," mama akamwambia. "Si yangu hiyo."

Jumamosi iliyofuata nilitoka Hayes kwenda Walthamstow, nikakatiza London yote nikijiuliza nitakuta nini kwenye friji. Nilipofungua mlango wa chini niliisikia harufu kwenye ngazi. Sahani ya jirani ilikuwa juu ya meza, imejaa wali, kuku juu yake, ukingo uliomeguka umeelekea dirishani.

"Haitakiwi kukaa tupu," mama akasema, kana kwamba nimemuuliza. "Mwakani tutairudisha. Nimeshamwambia mdogo wako atafute ile nyumba ile ile."

Nilikwenda kabatini kuchukua sahani yangu. Mkono ulikuwa umeshaishika nilipoirudisha. Nikanawa, nikavuta kiti cha baba, nikakaa mkabala naye. Mama alinitazama kidogo. Alianza kula upande wake na mimi nikaanza kula wangu, na katikati ya chakula kidole chake kikaja kuvuka wali pole pole, kikiisukuma firigisi mpaka mbele yangu.

Sijawahi kupenda firigisi. Tangu utotoni naichukia, ina ladha ya sarafu. Nilijifanya sikuiona mpaka mwisho, kisha nikaila.